Tupeane uzoefu: utomvu wa mnyaa, dawa na madhara yake

Mleta mada, Moshi
Ndugu zangu, mwezi uliopita nilikuwa napunguza ua wa mnyaa (kichaka chenye matawi membamba ya kijani) nyumbani, kazi niliyoizoea tangu utotoni, na tawi moja lilipokatika utomvu wake mweupe ukanirukia jichoni. Jirani alishauri nitiwe maziwa ya mama anyonyeshaye. Mimi nikanawa kwa kopo moja la maji, nikaendelea na kazi. Usiku sikulala. Kulipokucha nilikuwa naona ukungu mtupu, na daktari wa macho akanieleza kwamba kioo cha jicho kilikuwa kimechubuka. Kwa kuwa wazee wetu waliutumia mmea huu huu kama dawa, naomba kila mmoja aeleze yaliyompata.

Mkazi wa Himo
Pole sana, kaka. Mimi nilitibiwa chunjua za vidole kwa mnyaa nikiwa darasa la nne. Bibi alipaka samli kuzunguka chunjua ili ngozi nzima isiguswe, kisha akadondosha tone moja kwa ncha ya kijiti, akarudia kila jioni hadi zikakauka na kudondoka. Mdogo wangu alijipaka mwenyewe bila samli. Kovu analo hadi leo.

Mama wa Usa River
Kwetu ulinywewa. Mjomba alitiliwa matone kwenye uji ili afungue tumbo, akaharisha na kutapika hadi akatundikiwa dripu. Aliyempa alidai kosa lilikuwa wingi wa matone, hoja nisiyoikubali, maana hakuna aliyewahi kuupima ukali wake.

Muuguzi, Arusha
Ukali huo hutokana na kemikali za jamii ya forboli, ambazo huunguza ngozi, jicho na utumbo. Zaidi ya hayo, maabara zimeonyesha kwamba utomvu huu huweza kuamsha virusi vya Epstein-Barr vilivyolala ndani ya chembe za damu, ambavyo vinahusishwa na saratani ya taya ya watoto aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda, ndiyo maana watafiti wanaushuku mnyaa kuchangia saratani hiyo, pamoja na malaria. Jicho likirukiwa, lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama bado anaona vizuri, kwa sababu maumivu huweza kuzidi baada ya saa kadhaa. Mikono ioshwe kwa sabuni. Maji matupu hayautoi.

Mleta mada, Moshi
Ahsante, dada. Ua siung'oi, kwa kuwa ng'ombe wa jirani hawauli wala hawaupenyi, lakini sasa naukata nikiwa nimevaa miwani ya fundi wa kuchomelea, na watoto wanacheka.