Naomba ushauri: kulala hemani na zeze la babu

Mwangaluka ndugu zangu. Niko Tabora mjini. Mwezi wa saba nimealikwa na wapiga zeze huko Dodoma, tulale kwenye mahema Ijumaa hadi Jumapili, tupige na kufundishana. Binti yangu wa miaka 12 anajifunza fidla, ameomba twende wote. Nimefurahi mno, maana zeze nimerithi kwa babu mzaa mama, Mgogo, na sijawahi kukaa na wapigaji wenzangu hata siku moja.

Shida ni vyombo. Zeze ni kibuyu kikavu, likibanwa na mizigo kwenye treni limekwisha. Fidla nayo mbao zake zimeshikwa kwa gundi inayoachia kwenye joto kali, na hema mchana linakuwa kama tanuri. Usiku wa Julai kule ni baridi na upepo, tena hewa kavu, vile vigingi vya kukazia nyuzi huteleza. Nimewaza kuvizungushia blanketi na kuvitia kwenye sanduku la bati, lakini bati si litazidisha joto? Au nivitundike mtini kivulini?

Kubwa zaidi ni mtoto. Mama yake anataka alale hema la akina mama. Mimi wale akina mama siwafahamu, naona bora alale kwangu. Hapo ndipo nakosa usingizi. Mliowahi kulala hivyo na mabinti zenu, mlifanyaje?