Taa nyekundu inawaka diski ya tatu, mtu kachomoa ya pili!

KibarazaChaAmu

Simtaji. Sina haja ya kumtaja. Hapa Lamu, kuanzia Langoni hadi Shela, hakuna asiyemjua, na bisibisi yake mfukoni hata msibani.

Leo kaitwa kutazama boksi la diski nne, kila moja terabaiti 4, zimefungwa kwa RAID 5, yaani diski kadhaa zinafanya kazi kama moja. Ndani mna skani za hati za zamani na picha za harusi za nusu ya mji. Diski ya tatu imekufa. Taa yake nyekundu. NYEKUNDU, jamani! Taa ile mtu aliye ng'ambo kisiwani Manda angeiona bila darubini! Bwana yule kanyosha mkono, kachomoa ya pili. Ya pili! Nzima, taa ya kijani, inafanya kazi yake!

RAID 5 inavumilia kufa kwa diski moja. Moja tu. Kila safu ya data ina pariti, na pariti ni hesabu ya XOR (moja zikiwa shufwa jibu ni 0, zikiwa witiri jibu ni 1): biti 1, 0 na 1 zinatoa pariti 0. Ikipotea ile ya kati, unazipigia XOR zilizobaki, yaani 1, 1 na 0, unaipata 0 yako. Lakini ni lazima zilizobaki ziwepo zote. Mbili zikitoka, hesabu haina pa kushika.

Hata hapo, wallahi, data ilikuwa hai. Diski ya pili haikuwa na kasoro. Unazima boksi, unairudisha pale pale ilipokuwa, unazilazimisha diski zikusanyike tena. Kwenye Linux ni amri ya `mdadm --assemble --force`, na kontrola nyingi za kadi (vifaa vinavyoziendesha diski) zina njia ya kuusoma tena usanidi ulio ndani ya diski zenyewe. Kisha unaondoa data kwanza, mengine baadaye. Yeye kaona onyo kwenye skrini, hakulisoma, kabonyeza Initialize. Boksi lile Initialize yake ni kuandika sifuri mwanzo hadi mwisho!

Halafu kageuka, mbele ya wazee, kasema: "Diski zenu zimeuawa na chumvi ya bahari. Lakini si neno, RAID ni bakapu, itajirudisha yenyewe."

RAID NI BAKAPU! Kachomoa ile ya kijani, nyekundu inamtazama usoni, kisha anatufundisha bakapu!

Mwamba_wa_Shela

Nawe ulikuwa wapi? Mkono unanyooshwa, wewe umesimama unatazama rangi za taa. Ungeushika mkono ule, leo tusingekuwa na uzi.

Na usitegemee taa peke yake. Boksi za bei rahisi huhesabu diski kuanzia sifuri kwenye programu na kuanzia moja kwenye plastiki ya mbele. "Disk 2" ya skrini ni nafasi ya tatu. Ndiyo maana mtu anachomoa siyo. Kinachotambulisha diski ni namba yake ya serial ya kiwandani: amri ya `smartctl -i /dev/sdc` itaitoa. Siku ya kufunga boksi, andika tarakimu nne za mwisho kwenye karatasi, bandika mbele ya kila nafasi. Stika nne tu.

KibarazaChaAmu

Shekhe, usimtafutie udhuru wa kuhesabu kuanzia sifuri. TAA ILIKUWA NYEKUNDU.

BintiMkomani

Nimesoma hiyo ya chumvi nimechoka. Hewa yetu inakula shaba, kweli. Chunguza vidole vya kiunganishi cha SATA na zile nukta za shaba chini ya sakiti ya diski, utaona weusi na ukijani. Na diski isiyo ya heliamu ina tundu dogo la kupumulia lenye chujio, haikuzibwa kabisa. Lakini kutu huja polepole, na dalili zake huonekana mapema: hitilafu za CRC (data kuharibika njiani kwenye kebo), namba 199 kwenye SMART, ile ripoti ya afya ya diski, zinapanda. Safisha kiunganishi, badilisha kebo, namba inasimama. Chumvi haijawahi kuchomoa diski nzima saa sita mchana.

Kinachotangaza kifo cha sahani zenyewe zenye data ni namba 5, sekta zilizohamishwa, na namba 197, sekta zinazosubiri. Ya 197 ikikaa juu ya sifuri, agiza diski leo. Boksi lile lilikuwa likilia muda mrefu na hakuna aliyeweka hata barua pepe ya onyo. Hapo namlaumu kila mwenye funguo ya chumba, pamoja na mwenye uzi.

Pweza64

Kosa lilianza siku ya kununua. Diski kubwa nne na RAID 5? Wakati wa kujenga upya diski iliyokufa ni lazima uzisome tatu zilizobaki zote, terabaiti 12. Diski nyingi za kawaida watengenezaji huandika kosa moja lisilosomeka kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14, yaani terabaiti 12.5. Umekaa kwenye ukingo wa kisima.

Hicho ni kiwango cha mwisho walichoahidi, diski nyingi hufanya vizuri kuliko hapo, najua. Lakini mimi siwezi kuweka hati ambazo hazina nakala nyingine kwenye "nyingi". RAID 6 ina pariti mbili, diski zozote mbili zife bado unasoma. Kwa diski nne unabaki na terabaiti 8 badala ya 12. Bwana huyo angekuwa na RAID 6, angechomoa ile ya kijani na data ingeendelea kusomeka.

KibarazaChaAmu

Na Initialize je? RAID 6 inazuia Initialize?

Pweza64

Haizuii. Hakuna RAID inayozuia kidole.

BintiMkomani

Basi hapo ndipo penye neno. Waliolitangaza jina la RAID kwa makala ya mwaka 1988, Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley, California, walikuwa na swali jingine kabisa: diski ndogo za bei nafuu zikusanywe zishindane na moja kubwa ya bei kali. Wakapiga hesabu, diski moja inaishi saa 30,000, ukiweka 100 pamoja moja itakufa kila saa 300. Hata wiki mbili hazitimii. Ndipo wakaweka diski za ziada na pariti, kazi isisimame. Na wazo la kurudisha data ya kifaa kilichokufa lilikuwepo kabla yao, Norman Ken Ouchi wa IBM alipewa hataza mwaka 1978. Wote walikuwa wanapigana na kifo cha diski. Kufuta kwa bahati mbaya, virusi, wizi, moto, hayo hayamo. Ukifuta faili kwenye RAID, inafutika kote kwa wakati mmoja. Bakapu ni nakala iliyochomolewa, iko nyumba nyingine, ikiwezekana ng'ambo ya maji.

Kaskazi_Kavu

Mnamwandama fundi, wauzaji wanapita! Mnauziwa diski za SMR bila kuambiwa. Njia za data kwenye sahani zimelaliana kama makuti ya paa, ukitaka kubadilisha moja ni lazima uzifunue na kuziandika upya zilizo juu yake. Kwa picha na filamu za nyumbani hutaona tofauti. Ukiitia kwenye RAID na kuanza kujenga upya, kasi inaporomoka, kontrola inadhani imekufa, inaitoa. Diski ya CMR, ambayo njia zake hazilaliani, ya terabaiti 4 kwa megabaiti 150 kwa sekunde inamaliza kwa saa saba na nusu hivi. Ya SMR inaweza kula siku kadhaa. Tafuta modeli kwenye karatasi ya mtengenezaji kabla hujatoa shilingi. Muuzaji akikujibu "diski ni diski", ondoka dukani.

Na kuna hili: diski ya kompyuta ya mezani ikikuta sekta mbaya inahangaika nayo dakika nzima au zaidi, Linux inasubiri sekunde 30 tu kisha inaikatia tamaa. Weka `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda`, iache baada ya sekunde 7, pariti ijaze pengo. Zingine hukataa amri hiyo, na zingine huisahau ukizima, kwa hiyo iwe kwenye skripti ya kuwasha.

Mwamba_wa_Shela

Kaskazi kasema kweli. Wauzaji ndio nyoka.

Dau_la_Matondoni

Na umeme! Hakuna anayetaja umeme! Unakatika katikati ya kuandika, data mpya imeingia, pariti bado ni ya zamani. Haionekani, haitoi taa ya rangi yoyote. Inakungoja mpaka diski ife, ndipo hesabu ile mbovu inakujengea takataka. Dawa yake ni kontrola yenye betri ya kulinda kashe (kumbukumbu yake ya muda), au mfumo wa faili wa ZFS, kwa sababu ZFS haiandiki juu ya data ya zamani, inaandika kando kisha inageuza kielekezi. Wenye mdadm, kila mwezi: `echo check > /sys/block/md0/md/sync_action`, kisha usome `mismatch_cnt`, idadi ya zisizolingana.

Pweza64

ZFS inataka RAM, ami. Boksi dogo lina gigabaiti 2.

Dau_la_Matondoni

Itakwenda polepole, lakini itakwenda. Kinachotaka RAM nyingi ni kule kuondoa nakala zinazofanana, na hakuna aliyekuambia ukiwashe.

KibarazaChaAmu

Jamani turudi. Mtu kachomoa diski ya KIJANI.

Kaskazi_Kavu

Tumesikia, yakhe. Dau, UPS yako, ile betri ya akiba ya umeme, inakaa muda gani?

Dau_la_Matondoni

Muda hauna maana ikiwa haizungumzi na boksi. Chomeka ile waya ya USB, weka programu ya NUT, boksi lijizime lenyewe betri ikishuka. Watu wananunua UPS, waya ya USB inabaki kwenye katoni.

BintiMkomani

Na betri zenyewe! Ni zile za risasi, voti 12, 7Ah, na joto la chumba kisicho na dirisha linazimaliza mapema. Kabla hujalipa, pima kwa mita. Nzima iliyojaa na kupumzika inasoma karibu 12.8. Zile zinazouzwa karibu na jeti nimezipima mimi, 11.9, na kijana anaapa ni mpya kutoka kwenye boksi.

Mwamba_wa_Shela

Yule mwenye kofia ya bluu?

BintiMkomani

Huyo huyo.

Kaskazi_Kavu

Kaniuzia mbili! Fungueni uzi wake sasa hivi.