Dirisha limefunguliwa, sisi tumelala: kila mwaka tunawaachia wachezaji wetu bure kisha tunalia hatuna hela

Wadau, leo sitazunguka mbuyu. Dirisha kubwa la usajili hapa Uganda limefunguliwa, wapinzani wetu wanatambulisha wachezaji kila jioni, na klabu yetu imetoa taarifa moja tu: inamtakia beki wetu wa kushoto kila la heri huko aendako. Ameondoka bure. Mkataba uliisha, akafungasha viatu vyake, akaenda. Haikuingia hata shilingi moja, na sasa tunaambiwa tuwe wavumilivu kwa sababu "soko ni gumu".

Soko halina kosa hapa. Siku mkataba unaposainiwa, tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye karatasi ileile. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine. Klabu inayomtaka inatakiwa tu kuiandikia klabu yake kabla ya kuanza mazungumzo. Kwa hiyo mkataba unaoisha Juni unafungua mlango Januari. Viongozi wetu walimwita mezani Mei. Mei! Miezi minne baada ya watu wengine kumaliza kuongea naye.

Mazungumzo ya kuongeza mkataba yanaanza ukiwa umebaki mwaka mmoja. Kwa mchezaji ambaye Watanzania na Wanyarwanda wameshaanza kumwulizia, yanaanza hata mapema zaidi, kwa sababu soko la ukanda huu halimsubiri mtu. Mshambuliaji Denis Omedi aliingia kwenye orodha ya Puskás, tuzo ya FIFA ya bao bora la mwaka, mwishoni mwa 2024 akiwa Kitara ya hapa kwetu, na Januari 2025 alikuwa tayari APR ya Rwanda. Ni wiki chache tu. Ukisubiri mchezaji ang'are ndipo ukatafute faili lake, umeshampoteza.

Ugonjwa wenyewe ni mikataba ya mwaka mmoja. Uongozi unaipenda kwa sababu inaonekana rahisi. Pigeni hesabu pamoja nami. Tuseme mchezaji anasaini kwa mwaka mmoja, ada ya kusaini shilingi milioni 12. Akicheza vizuri, mwaka wa pili anadai 18, na ana haki, maana yuko huru. Mwaka wa tatu 25. Jumla milioni 55, na katika miaka hiyo yote hamkuwa na mchezaji mnayeweza kumuuza kwa bei ya maana. Mngempa miaka mitatu kwa ada ya milioni 30, mkailipa milioni 10 kila Julai, mngebaki na milioni 25 mfukoni na mchezaji mwenye thamani mkononi. FIFA inaruhusu mkataba hadi miaka mitano, na mitatu kwa aliye chini ya miaka 18. Hakuna anayetuzuia ila sisi wenyewe.

Lakini mkataba mrefu una masharti yake: lazima ulipe. Mkikaa na mishahara ya miezi miwili bila kulipa, mchezaji anawaandikia barua ya kudai, anawapa siku 15, na zikipita ana sababu halali ya kuvunja mkataba na kudai fidia juu yake. Ile tabia ya kulipa nusu ya ada siku ya picha na kumwambia "iliyobaki tutaiona mbele ya safari" ndiyo inayozaa barua hizo. Deni likifika FIFA mkaendelea kukaa kimya, mnafungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo.

Sasa tuje kwenye pengo lenyewe, kwa sababu naona watu wanashangilia fununu za winga mpya wakati nyumba inavuja upande mwingine. Kushoto nyuma hatuna mtu. Mpango unaosikika ni kumhamishia huko beki wa kulia. Angalieni kitakachotokea. Beki wa kati anampa pasi akiwa karibu na mstari. Kwa kuwa anatumia mguu wa kulia, anaupokea mpira kwa mguu wa ndani, mwili wote umegeukia katikati, mgongo uko kwa mstari. Winga wa wapinzani anamjia kutoka ndani, mshambuliaji anaziba njia ya kurudi kwa kipa, na hapo hana pa kwenda. Ama anaubutua nje, ama anaupiga katikati kwa kiungo mkabaji ambaye tayari ana mtu mgongoni. Magoli ya hivyo tumefungwa msimu uliopita na kila mtu jukwaani aliyaona. Akipanda mbele ni balaa lilelile: anafika karibu na kibendera cha kona, anasimama, anaukata mpira aje mguu wa kulia, na ile sekunde moja inawatosha mabeki wao kurudi kujipanga kwenye sita. Mshambuliaji wetu alishakimbia nguzo ya kwanza, krosi haikuja. Halafu mnamzomea mshambuliaji!

Beki wa mguu wa kushoto anapatikana Uganda hii. Kombe la Masaza lina timu 18 za kaunti (masaza) za Buganda, na linachezwa mbele ya macho yetu kila mwaka. Kuna FUFA Big League, yaani ligi daraja la pili ya shirikisho letu la soka FUFA, kuna ligi ya vijana ya FUFA, kuna mashindano ya shule za sekondari. Kazi ya skauti ni kwenda. Amtazame mtu huyo mara tatu: mara moja nyumbani kwao, mara moja ugenini, na mara moja kwenye kiwanja kibovu baada ya mvua, maana nusu ya ligi yetu inachezwa hivyo. Ahesabu mara ngapi alipitwa mgongoni, mara ngapi alishinda mpira wa pili, na anafanya nini dakika ya 80 timu yake ikiwa imefungwa. Sisi tunafanyaje? Wakala anatuma video ya dakika nne kwenye WhatsApp, ina muziki, kiongozi anaangalia akiwa kwenye foleni ya magari, kesho tunaambiwa "mashine imepatikana". Video ya dakika nne haionyeshi hata pasi moja iliyopotea. Ombeni dakika 90 za mechi tatu ambazo timu yake ilifungwa. Na msiulize amecheza mechi ngapi, ulizeni dakika. Mtu anaweza kuwa na mechi 20 na dakika 400.

Vipimo vya afya nusura niviruke, lakini hapa ndipo tunapotupa hela nyingi zaidi. Tunasaini kwanza, tunapima baadaye. Kanuni inasema waziwazi kwamba uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea mchezaji kufaulu vipimo wala kupata kibali cha kazi. Ukishasaini, goti bovu ni lako na mshahara ni wako. Kwa hiyo kabla ya kalamu: moyo upimwe kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na picha ya moyo, goti livutwe kuona kama kano ya mbele inashika, mzunguko wa paja upimwe kwa futi ya fundi nguo, sentimita 10 juu ya kifuniko cha goti, kushoto na kulia. Kisha aruke kwa mguu mmoja, mara tatu kila mguu, umbali upimwe. Mguu mmoja ukiwa chini ya asilimia 90 ya mwingine, simamisha kila kitu mpaka apigwe MRI. Vipimo hivi vingi havihitaji hata mashine kubwa. Vinahitaji daktari, futi na nusu saa. Kwa timu inayokwenda kucheza kwenye nyasi bandia pale Lugogo, hili si jambo la kupuuza.

Na wageni? Tunawaleta siku tatu kabla dirisha halijafungwa. Uhamisho wa kimataifa unapita kwenye TMS, mfumo wa FIFA wa uhamisho kwa mtandao: klabu zote mbili ziingize maelezo yanayofanana, ipakiwe nakala ya mkataba, kitambulisho, uthibitisho wa tarehe mkataba wa zamani ulipoisha, na tamko kwamba hakuna mtu wa tatu anayemiliki haki za mchezaji. Ikipungua karatasi moja, au tarehe moja ikitofautiana kati ya klabu mbili, mfumo unagoma. Na ombi la ITC, yaani hati ya uhamisho wa kimataifa, lazima liwe limeingia kabla ya siku ya mwisho ya dirisha kuisha. Mtu anayejaribu kupakia mkataba saa tano usiku huku klabu ya upande wa pili imeshafunga ofisi, huyo hasajili mchezaji. Analeta mgeni wa kukaa jukwaani hadi Januari akila mshahara. Tena kabla ya yote aulizwe amecheza wapi msimu huu, kwa sababu mchezaji anaweza kuandikishwa na klabu tatu kwa msimu lakini acheze mechi rasmi za mbili tu.

Wanaosema klabu ndogo haiwezi kushindana, tazameni Vipers ya hapa Uganda. Mwaka 2022 waliwatoa TP Mazembe kwa penalti kule Lubumbashi wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Uwezo upo. Lakini walishampoteza mshambuliaji Cesar Manzoki aliyekwenda China, na Januari 2023 kocha Robertinho akachukuliwa na Simba ya Tanzania, timu waliyokuwa nayo kundi moja! Wakamaliza wa mwisho. Hata waliofanya vizuri wanaumia wakikosa mrithi aliyeandaliwa. Sisi ambao hatujafika huko tunaacha mapengo kwa hiari yetu. Kumbukeni tangu 2023 kuingia tu makundi hayo ni dola 700,000, hata ukishika mkia. Hizo ndizo hela mnazolia hamna.

Nataka uongozi ujibu maswali mawili. Nani ana orodha ya tarehe za mwisho za mikataba yote? Na nani alipaswa kumwita beki wetu mezani mwaka jana Juni?

MzeeWaJukwaa: Mleta uzi, umesema kweli lakini kuna kimoja umekiruka. Mchezaji akienda nje ya nchi kabla ya kupita umri wa miaka 23, fidia ya mafunzo, yaani hela ya klabu zilizomlea, inadaiwa hata kama mkataba umeisha. Haidaiwi akihamia klabu ya kundi la nne la FIFA (zile zinazotumia kidogo zaidi kulea wachezaji), ninyi mkiwa ndio mliovunja mkataba bila sababu, au akirudi kuwa mchezaji wa ridhaa. Kwa hiyo "bure" si bure kila mara. Mwulizeni katibu kama amewahi kudai.

Mleta uzi: Asante mzee wangu, ni kweli na nilipaswa kulisema. Huyu wetu ana miaka 26 na amehamia klabu ya hapa hapa nchini, mlango huo umefungwa. Lakini kwa vijana wetu hoja yako ni dhahabu. Niongeze mchango wa mshikamano: mchezaji akiuzwa nje akiwa na mkataba, asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu kuanzia miaka 16 ni nusu asilimia ya ada yote. Kijana aliyekaa kwetu misimu minne kuanzia miaka 16 akiuzwa baadaye dola 150,000, sisi tuna dola 3,000, hata kama hatukumuuza sisi. Tangu Novemba 2022 hela hizo zinapita kwenye Clearing House, chombo cha malipo cha FIFA, na inalipa kwa kufuata pasipoti ya mchezaji, yaani rekodi za usajili. Kijana tuliyemchezesha misimu miwili bila kumwandikisha kwenye mfumo, miaka hiyo kwetu haipo.

BekiTatu: Ndugu, mimi naona unawaonea viongozi kwenye mikataba mirefu. Ukimpa mtu miaka mitatu akaporomoka kiwango, utamlipa akiwa kitandani?

Mleta uzi: Ndugu yangu, hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana simwombei kila mtu miaka mitatu. Aliye chini ya miaka 24 na anaanza kikosi cha kwanza: miaka mitatu, mshahara unapanda kila mwaka kwa dakika alizocheza. Wa miaka 25 hadi 29: miwili, na kipengele cha kuongeza mmoja akifikisha mechi 20 za ligi kati ya 30. Aliyepita 30: mmoja, hapo nakubaliana nawe. Ukishapanga hivyo, anayeporomoka kiwango anabaki kwenye mshahara wa chini na unaweza kumpeleka kwa mkopo timu ya Big League. Tatizo letu ni kwamba kijana wa miaka 20 na mzee wa 33 wanapewa karatasi ileile ya mwaka mmoja, imebadilishwa jina tu.

MzeeWaJukwaa: Basi tuanze na kipa namba mbili na yule kiungo wa kati, wote inasemekana wanamaliza Juni ijayo. Wana chini ya miaka 24.

Mleta uzi: Hao hao. Wakiwa hawajaitwa mezani kufikia mwisho wa mwezi huu, narudi kwenye uzi huu na tarehe.