Usiku kucha nimemshikilia mgonjwa asife, asubuhi naambiwa "huyu anatusaidia tu"!!!

Wakuu sijalala na sitaki kusikia tuliza moyo. Nimetoka shifti sasa hivi, niko kwenye basi, koti juu ya skrabu, naandika vidole vinatetemeka. Wote mliopitia hospitali hii ya hapa Uingereza mnamjua ninayemsema, yule konsaltanti, daktari bingwa wa soksi nyekundu, yule akiingia wodini hata mashine za presha zinasimama kwa adabu. Simtaji, hana haja ya kutajwa.

Sasa sikilizeni. Saa tisa usiku bibi wa watu ananikatikia mikononi, pumzi juu juu, oksijeni inashuka tu, mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake. Nani kaushika ule mguu akaona? Mimi. Nani kampigia mtu wa CT, ile mashine ya picha, mara tatu, anamkatia simu na bado anapiga? Mimi. Sindano ya kuzuia damu isigande nikampa kabla hata picha haijatoka, picha ikatoka, mabonge ya damu mapafu yote mawili. Saa kumi na mbili bibi anaomba chai. Chai jamani! Mtu aliyekuwa anaaga dunia anataka chai ya maziwa, nikaenda kumletea mwenyewe.

Saa tatu asubuhi raundi. Muda wangu umeisha lakini nikabaki nimkabidhi mgonjwa wangu kwa mdomo wangu. Nimefika katikati ya maelezo, bibi anamuuliza soksi nyekundu, huyu ndiye daktari wangu? Mzee akatabasamu, akamshika bega, "Usijali, huyu anatusaidia tu. Daktari wako ni mimi."

ANATUSAIDIA TU. Mbele ya wanafunzi wanne. Halafu akanyoosha mkono akachukua faili mikononi mwangu bila hata kunitazama, kama mtu anachukua koti lililotundikwa ukutani.

Miaka mitano Muhimbili, mwaka wa intern Mbeya nalala kwenye benchi, PLAB, mtihani wa sisi tuliosomea nje, ya kwanza maswali 180, PLAB ya pili nikapanda ndege mpaka Manchester kwa hela ya mkopo wa shangazi. GMC, baraza la madaktari la Uingereza, wamenisajili kama yeye. Kumbe nasaidia tu! Na msiniambie kuna utaratibu, naujua, tangu Aprili 2020 NHS, huduma ya afya ya serikali, inaruhusiwa kumnyima huduma mgonjwa mbaguzi kama si dharura. Mgonjwa! Bibi wa watu hakunibagua, aliuliza tu. Aliyejibu ni bosi, na bosi nani atamnyima huduma?

Huyu anatusaidia tu. Nalisikia hadi sasa kwenye hili basi.

——

Mzee_wa_Bleep: Pole sana dada. Huyo namjua, mimi aliniita jina la Mghana mwezi mzima, mimi ni mtu wa Singida. Nikamrekebisha, akasema "ah, ninyi wote mna majina magumu". Jina langu lina herufi nne.

Shangazi_Leeds: Andika malalamiko leo leo, tarehe na saa, na majina ya wale wanafunzi. Usikae nalo.

Mzee_wa_Bleep: Shangazi unamponza mwenzio. Viza yake imeshikwa na hiyo hospitali hiyo hiyo, kazi ikiisha anabaki na siku 60 atafute mwajiri mwingine au afunge mabegi. Na ripoti ya GMC ya 2019 si ilisema yenyewe, madaktari wa asili za nje wanashtakiwa na waajiri wao mara mbili ya wazungu, na waliosomea nje ya Uingereza ndio hali mbaya zaidi. Unalalamika wewe, kesho unageuziwa kibao.

Kisu_Butu: Kwani uongo? Si ulikuwa unasaidia? Konsaltanti ndiye mwenye mgonjwa, wewe uko chini yake. Watu wa Muhimbili mnapenda sifa, ulitaka upigiwe tarumbeta kwa mguu kuvimba, hata nesi angeuona.

Mwenye uzi: Kisu Butu nesi hakuuona, aliniita kwa sababu bibi anahema. Na ninajua mgonjwa ni wa konsaltanti. Angesema "ni daktari wa timu yangu" ingempunguzia nini? Maneno matano tu. Hukuona ile faili ilivyochukuliwa. Mwanafunzi mmoja, binti wa Kihindi, aliinamisha uso akawa anatazama viatu vyake. Yule ndiye kaniumiza kuliko wote, kwa sababu alikuwa anatazama maisha yake ya baadaye.

Daktari_wa_Kayole: Pole daktari. Hao Waingereza 2020 kila Alhamisi saa mbili usiku wanatoka mlangoni kupiga makofi na sufuria, na madaktari kumi wa kwanza kutajwa wamekufa na korona kwao wote walikuwa wa asili za nje. Adil El Tayar, msudani, daktari wa kupandikiza figo, alienda kusaidia kwa emergency. Hapo hakuna mtu alisema "anasaidia tu".

Mama_Zawadi_RN: Nyie madaktari angalau mnaitwa mnasaidia. Sisi manesi mgonjwa anakuambia toa mikono yako, anataka yule mwingine. Nimeosha mtu, dakika mbili baadaye ananiuliza kama mikono yangu ni misafi. Miaka kumi na moja bado bendi 5, ngazi ya nesi anayeanza, wasichana niliowafundisha kutoboa mshipa ndio mabosi wangu. Mimi nifungue uzi wangu?

Mkemia_Tabata: Fungua mama tuje. Ila Daktari wa Kayole kaa kimya kwenye mambo ya ubaguzi. 2017 nchi yenu Kenya imeomba madaktari 500 kutoka kwetu Tanzania, mkaenda mahakamani kuwazuia. Magufuli akaamua 258 waajiriwe hapa hapa. Binamu yangu alikuwa humo, begi lilishafungwa na kila kitu.

Daktari_wa_Kayole: Wacha hizo. Tulikuwa tumegoma siku 100, serikali badala ya kututimizia mkataba inaleta watu wa kutuvunja mgomo, na madaktari wetu wenyewe wako mtaani hawana kazi. Hatukuwa na shida na binamu yako. 2018 tena wakaleta Wakyuba 100, mshahara juu yetu, nyumba juu, na sisi ndio tunawatafsiria kwa mgonjwa.

Mkemia_Tabata: Na wawili mkaacha wakatekwa Mandera.

Daktari_wa_Kayole: Tukaacha?? Walitekwa na Shabaab wewe, askari akauawa. Uko na kichwa kweli?

Kisu_Butu: 🍿

Shangazi_Leeds: Mnaona sasa. Dada kaleta kidonda chake mnapigana Tanzania na Kenya.

Mkemia_Tabata: Shangazi na wewe ulipokuja Leeds nani alikupokea, si Wakenya, ulitwambia mwenyewe walikupangisha stoo.

Shangazi_Leeds: Ilikuwa chumba kidogo. Na nililipa kila senti.

Mwenye uzi: Nimefika nyumbani. Nimeoga, usingizi hauji. Nimepiga wodini kuuliza hali ya bibi, kahamishwa upande wa kawaida, oksijeni 96 bila mashine. Nesi ananiambia bibi anauliza yule binti wa jana usiku, aliyemletea chai, yuko wapi.

Ndoto_ya_UK: Samahani wakuu naingilia, PLAB 2 yangu ni mwezi ujao, nani ana chumba Manchester cha wiki mbili? Mwanaume, sivuti.

Mzee_wa_Bleep: Njoo pm. Pauni 25 kwa siku, unajipikia, godoro zuri.

Daktari_wa_Kayole: 25?? Hiyo ni wizi, mimi niko na cha 18.

Ndoto_ya_UK: Cha 18 kina hita?