Nimerudi kutoka kozi ya uchoraji Italia, nimepewa ukuta Igombe. Nichore kwa chokaa au rangi ya mafuta?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma chuo hapa Mwanza. Tangu sekondari nimekuwa nikiandika majina ya mitumbwi Igombe, mwaloni ambako baba anaunda mitumbwi. Mwezi wa saba nilikwenda Florence, Italia, kwa kozi ya wiki nne ya kuchora fresko. Waandaaji walinisamehe nusu ya ada. Iliyobaki na nauli ilitoka kwa ndugu: baba aliuza injini yake ya akiba, mama mkubwa akatoa zamu yake ya upatu, wajomba wakachanga. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kwa asiyeijua fresko: unapiga lipu ya chokaa na mchanga, kisha ingali mbichi unachora juu yake kwa rangi ya unga iliyokorogwa na maji matupu. Hakuna gundi. Chokaa ikikauka inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, na rangi inabaki humo humo ndani ya jiwe.

Wiki ya kwanza hatukugusa brashi. Tulichekecha mchanga, tukakoroga chokaa iliyolowekwa kwa miezi, tukasaga rangi. Usiku nililia. Niliwaza, injini ya baba imeuzwa ili nije kuchekecha mchanga? Wiki ya pili nikachora samaki, nikakawia kwenye mkia, lipu ikaanza kukauka. Mwalimu akaigusa kwa kidole, akachukua mwiko, akabandua kazi yote. Hakunikaripia. Alisema kesho nipige lipu ya eneo ninaloweza kulimaliza siku hiyo hiyo, basi. Kipande hicho wao wanakiita giornata, yaani kazi ya siku. Tangu hapo kila asubuhi nilijiuliza kwanza leo naweza kiasi gani, na sikuwahi kujiuliza hivyo nilipokuwa nachora mitumbwi.

Halafu tukapelekwa kwenye kikanisa cha Brancacci, ndani ya kanisa la Santa Maria del Carmine, ng'ambo ya mto Arno. Masaccio alichora pale miaka ya 1420, akafa akiwa bado kijana wa ishirini na kitu. Katika picha moja Yesu na mitume wanadaiwa kodi, na pembeni kushoto Petro amechuchumaa ukingoni mwa ziwa, joho kalivua, anamtoa samaki sarafu mdomoni. Wenzangu walikuwa wanatazama nyuso za katikati. Mimi nilimkodolea macho Petro, maana hivyo hivyo ndivyo watu wa kwetu wanavyochuchumaa kumtoa sangara ndoana. Kanisa lile liliungua mwaka 1771, kikanisa kikapona, na Petro bado yuko na samaki wake. Nilitamani baba angekuwa pale.

Sasa tatizo. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani kanipa ukuta wa baraza la darasa la awali, upana mita 4, kimo mita 2, kwa laki 6. Nataka kuchora wanawake wanaoanika dagaa, kwa fresko. Baba anataka rangi ya mafuta: siku tatu kazi imeisha, hela imeingia, ndugu wameona matunda. Kaniambia, "Watu walichanga waone, hawakuchanga wasubiri." Mama mkubwa naye kila tukikutana ananiuliza nimeleta nini. Nifanyeje? Na je, fresko itashika ukuta wa bloku kando ya ziwa?

Jirani wa Kirumba
Mimi nasimama na mzee. Injini ni chombo cha kazi. Kila wiki inayopita bila hela hiyo kurudi, kuna safari imekosekana. Paka rangi ya mafuta, lipa watu, fresko utaifanya mwakani. Ukuta hauhami.

Mwiko wa Nyakato
Mdogo wangu, mimi ni fundi lipu, niongee ya ukuta. Bloku za saruji zina chumvi. Unyevu ukipanda kutoka kwenye msingi unaileta juu, unaona unga mweupe, kisha lipu inabanduka. Rangi ya mafuta nayo haitapona hapo, itafura malengelenge, kwa hiyo mwambie mzee hata njia yake ina walakini. Swali langu kwako: mwaka 2020 ziwa lilipojaa, maji yalifika kwenye huo ukuta? Kama yalifika, uache. Tafuta ukuta wa tofali za kuchoma, uliokaa juu kidogo, wenye bati linalouficha na mvua.

Chokaa ya mfuko inafaa ukiiloweka muda mrefu, maji yasimame juu yake. Mtu akikuletea chokaa hai ya mawe, usiimwagie maji ukiwa umeinama, inachemka na kurukia macho. Mchanga uoshe mpaka maji yatoke meupe. Kwa nyekundu, ile oksaidi ya kupakia sakafu ni ya chuma, chokaa haiiharibu. Rangi nyingine jaribu kwanza kwenye tofali moja.

Mama wa Kisesa
Mwanangu, wajomba walichanga, lakini mama mkubwa alitoa zamu ya upatu. Hayo ni mambo mawili tofauti. Upatu ni hela aliyoisubiri kwa zamu yake, naye alikuwa na shughuli yake. Usimweleze habari za sanaa kabla hujamrudishia. Ukipewa malipo ya kwanza, nenda nayo kwake mwenyewe, usitume mtu.

Na hilo la Petro na samaki, je, baba yako umemwambia? Hapa umetueleza vizuri, lakini sisi si tuliouza injini.

Mwanachuo wa Malimbe
Samahani kwa kuingilia uzi. Nami nimekubaliwa kozi fupi huko huko. Visa ulisumbuka?

Mwenye uzi
Malimbe, ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisipungue siku 15. Usingoje siku hizo 15. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Na usilipe ada ya visa kabla hujauliza: kanuni za Schengen, yaani visa ya pamoja ya nchi za Ulaya ikiwemo Italia, zinamsamehe mwanafunzi anayekwenda kwa masomo. Beba barua ya chuo chako na ya kozi. Gharama ya kituo cha kupokea maombi ni jambo jingine, hiyo jiandae nayo.

Fundi, wabeja sana. Nimekwenda kuuangalia ukuta leo. Alama ya maji ya 2020 ipo, inanifikia magotini, na chini yake lipu inamomonyoka ukiigusa. Nimeona aibu, maana Florence walitufundisha jambo hilo hilo: tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika, na chumvi iliyopanda na unyevu iliharibu fresko ambazo maji yenyewe hayakuzifikia. Niliandika kwenye daftari, nikafika nyumbani nikasahau kutazama chini ya ukuta.

Nimezungumza na mwalimu mkuu. Amekubali nihamie ukuta wa stoo, tofali za kuchoma, juu mlimani, ila ni mita 2 tu na malipo yameshuka hadi laki 4. Atatanguliza nusu. Mama wa Kisesa, hiyo nusu yote ni ya mama mkubwa, nampelekea kesho.

Baba bado hajakubali. Nilimsimulia habari za Petro wakati anaziba nyufa za mtumbwi, akasikiliza bila kuacha kazi, mwisho akauliza samaki yule ni wa aina gani. Sikuwa na jibu. Ila jioni nimekuta pipa limekatwa nusu na kuoshwa, limewekwa mlangoni kwangu, na mfuko wa chokaa pembeni yake.

Fundi, naanza kuloweka Jumamosi saa moja asubuhi. Kama una nafasi, njoo na mwiko wako uutazame ule ukuta.