Mafundi saa wa Mtwara, kuimwagia mashine mafuta ya cherehani si sevisi

Wakuu, heshima kwenu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nilinunua Seiko 5 iliyotumika, yenye mashine ya 7S26, kwa fundi mmoja wa hapa Mtwara mjini ambaye sitamtaja jina. Bei yake ilizidi za wenzake kwa hoja moja tu, kwamba saa imetoka sevisi. Saa hiyo inawahi zaidi ya dakika 10 kwa siku, ilhali kiwango cha kiwandani kwa mashine hii ni kuchelewa kwa sekunde 20 au kuwahi kwa sekunde 40.

Saa ya mashine inapowahi kiasi hicho, cha kushukiwa kwanza ni ile springi nyembamba kama unywele iliyo kwenye gurudumu la mizani, ambayo ama imeshika sumaku ama imeingia mafuta. Niliipitisha kwenye kifaa cha kuondolea sumaku, hali ikabaki ileile. Nikafungua mfuniko na kutazama kwa lenzi: mizunguko miwili ya springi ilikuwa imegandana, katikati yake kuna utando wa mafuta wenye rangi ya chai, na vumbi limenasa humo. Mizunguko ikigandana, springi hufanya kazi kana kwamba imefupishwa, hivyo gurudumu ambalo lingepaswa kupiga mara 21,600 kwa saa moja hupiga haraka zaidi, na mishale haina budi kulifuata.

Nilipomrudia fundi alinijibu, "Kaka, saa bila mafuta haitembei." Ni kweli haitembei, lakini anayejiita fundi anapaswa kujua yanawekwa wapi. Kamani kuu, ile springi kubwa inayoiendesha saa, huhitaji kilainishi kizito. Ncha za magurudumu yanayokwenda kasi huhitaji mafuta mepesi ya saa, tone dogo linalotulia bila kufurika ndani ya kikombe cha kito, yaani kijiwe kinachoshikilia ncha. Springi ya mizani haitiwi kitu kabisa, na ncha za ule uma unaoisukuma mizani huachwa kavu. Huyu bwana alikuwa na chupa moja ya mafuta ya cherehani, na aliimimina pote. Kwa kawaida fundi wa namna hii hata haivunji mashine, yaani haitenganishi kipande kwa kipande. Hudondosha mafuta juu ya uchafu wa zamani, saa ikashtuka kidogo, mteja akalipa, na baada ya muda mchanganyiko ule unakuwa matope yanayosaga vyuma.

Akaja na kisingizio cha pili, kwamba Mtwara ina hewa ya bahari na chumvi ndiyo inayoua saa. Chumvi huleta kutu, wala haileti mafuta ya rangi ya chai. Na kama kweli anaiogopa chumvi, mbona hakubadilisha mpira wa mfuniko? Niliukuta umebanwa bapa, mgumu, umepasuka upande mmoja. Skrubu ya ule uzito unaozunguka ili kuijaza saa nayo si ya kwake: kichwa chake kimekaa juu mno, na kimechora duara ndani ya mfuniko. Hiyo ndiyo iliyoitwa sevisi.

Nimeiosha mizani mwenyewe kwa benzini safi ya kiberiti, springi ikaachana na mizunguko ikapumua sawasawa. Anayetaka kujaribu asitumie spiriti kwenye mizani wala kwenye ule uma, kwa maana vito vyake hushikiliwa kwa gundi ya shelaki, na spiriti huiyeyusha. Kazi iliyobaki ni kuivunja mashine yote, kwani mafuta yaleyale yamefika hadi kwenye magurudumu ya kalenda. Ni kazi niliyokwisha kumlipa mtu mwingine aifanye.

Ninachodai ni kurudishiwa ile nyongeza ya bei, na fundi anajua ni kiasi gani. Kwenu wauzaji wa Mtwara, Lindi na Masasi: mkiandika kwamba saa imefanyiwa sevisi, wekeni picha za mashine ikiwa imevunjwa, pamoja na kipimo cha mwendo wake, maana siku hizi hata programu ya simu inasikiliza mlio na kukupa kipimo hicho. Asiye navyo aandike kwamba saa inatembea, nasi tutampa bei ya saa inayotembea.

Mwenye 7S26 mbovu ya kutoa vipuri anitafute. Nahitaji skrubu ya uzito na mpira wa mfuniko.