Naomba ushauri: nikipiga magoti maneno hayatoki

Wapendwa, habari zenu. Tangu mama augue nimebeba kila kitu peke yangu: kumuuguza, wadogo zangu, madeni. Usiku nikipiga magoti maneno hayatoki, naishia kushika ukingo wa kitanda mpaka miguu inakufa ganzi.

Nimekuwa nikirudia 1 Wafalme 19, pale nabii Eliya alipoketi chini ya mti wa mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea, alimwamsha ale mkate, anywe maji, naye akalala tena. Hapo napata pumzi kidogo.

Mliopitia haya, mliombaje mkiwa hamna hata neno? Na je, kumwomba mtu anipokee kumuuguza mama siku mbili kwa wiki ni kukosa imani? Kaka yangu anasema hivyo, na imeniumiza sana.